Namba Sita Zilizokwenda Masagati

Kuna siku moja, mwanangu, siisahau. Saa tatu ya asubuhi, nimesimama kwenye korido ya wodi ya wazazi hapa Ifakara, nimeshika simu isiyokuwa yangu. Kwenye kioo pameandikwa: ingiza tarakimu sita zilizotumwa kwenye namba yako. Nyuma ya mlango yupo mdogo wangu Fides, amejifungua mtoto wa kike alfajiri, na damu inamtoka haikatiki. Nesi ametoka mara ya pili.

"Mama, chupa zilizokuwepo tumeshampa. Tunataka watu wawili wa O hasi. Sasa hivi, siyo baadaye."

Watu wa O hasi ni wachache sana, na Fides hakuweza kupewa damu ya mwingine yeyote kwa usalama. Mimi mwenyewe kundi langu ni jingine. Lakini kikundi chetu cha wachangia damu pale mtaani Viwanja Sitini kilikuwa na watu tisa wa O hasi, majina yao, nyumba zao, kila kitu. Najua walikuwa tisa kwa sababu niliwaandika kwa mkono wangu. Orodha ipo, simu ipo, mtandao upo. Kilichokosekana ni zile namba sita, na zile namba sita zilikuwa zimetumwa kwenye simu ya katibu wetu, Osward, ambaye alikuwa Masagati, juu ya dungu, anafukuza ndege kwenye mpunga wake. Kule ukitaka mtandao unapanda kilima, na anayeamia ndege haachi shamba asubuhi.

Simu niliyoshika ilikuwa ya Nassoro, kijana aliyetutengenezea huo mfumo. Alikuja mbio kwa pikipiki, shati limelowa jasho. Sitasema hakuja.

"Mama, data zipo," akaniambia. "Ziko kwenye wingu, ziko salama kabisa. Haijapotea hata moja."

"Nipe moja."

Akanyoosha kidole kwenye kioo, pale panapodai tarakimu sita.

"Nassoro, nipe jina moja tu."

"Siwezi mama. Mpaka namba ziingie."

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana ukiisikia hivi utadhani ni mkosi. Haukuwa mkosi. Kilikuwa ni kitu kilichopangwa na watu wenye majina.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, bibi mmoja anaitwa Gaudensia, nesi mstaafu, ndiye aliyeanzisha kikundi chetu, na akanipa kazi ya kuandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kaunta buku moja nene. Jina, kundi la damu, nyumba iko wapi, mara ya mwisho amechangia lini. Nililifungia kabatini kwangu na ufunguo nikauvaa shingoni kama kitambulisho. Nilijiona mtu.

Ikatokea harusi Mang'ula, nikaenda siku mbili na ufunguo wangu. Nyuma huku kukawa na mgonjwa wa ajali. Walizunguka mitaani wanauliza kwa mdomo mpaka wakapata mtu, akapona. Niliporudi bibi aliniita. Nikasema shikamoo, hakuitikia. Akaniuliza, "Yustina, ukifa leo, kabati anafungua nani?" Nikasema watavunja. Akasema, "Wavunje nyumba ya marehemu kabla hajazikwa, halafu waanze kusoma daftari ambalo hawajawahi kulishika? Nenda kanunue daftari la pili."

Nililia, kwa kweli, maana nilikuwa nimejisifia sana ule ufunguo. Lakini nikanunua. La pili likakaa kwa Mama Zainabu, yule mwenye duka la kanga karibu na stendi, mtu ambaye hajawahi kwenda shamba tangu nimjue. Kila Ijumaa mchana nilikwenda dukani kwake tunanakili yale mapya. Na kila mwaka kabla mvua kubwa hazijaanza, nilichukua baiskeli nikapita nyumba kwa nyumba: mwaka huu unaamia wapi, unarudi lini, nani anabaki? Maana wewe unaujua mji wetu, mwanangu. Mpunga ukianza kutoa masuke, nusu ya Ifakara inahamia shambani, milango inafungwa kwa kufuli. Nilikuwa naandika pembeni kwa penseli, yupo, hayupo. Mara moja kwa mwaka bibi alikuwa anakuja bila taarifa, ananiambia, "Leo daftari lako limeungua. Nitafutie mtu wa O hasi." Nakimbia kwa Mama Zainabu, yeye kakaa na saa yake ananihesabia. Nilimwona mzee msumbufu.

Bibi alipofariki tukamchagua Remigius kuwa mwenyekiti. Mtu wa maneno mazuri, anajua kupokea wageni. Akasema kikundi kiende na wakati, daftari ni aibu, tutaweka kila kitu kwenye mfumo, na mfumo utakaa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, ndiyo hilo wanaloliita wingu. Nassoro akaifanya kazi vizuri. Sikatai. Jina ukilitafuta linatoka hapo hapo.

Halafu kukawa na kikao. Nassoro akauliza ile namba ya siri ya kufungulia iende kwenye simu ya nani, na akasema ni vizuri ziwe simu mbili au tatu. Remigius akasema moja inatosha, zikiwa nyingi siri za watu zitatembea mtaani. Osward akainua mkono, iwe yake. Nassoro akasema jambo jingine, kwamba tupange siku tujifanye mfumo umezimika, tuone tunampata mchangiaji kwa muda gani, na tuandike kwenye karatasi nani anafanya nini. Remigius akajibu, "Kijana, watu wanawahi shamba. Hilo tutalifanya baada ya mavuno."

Nikanyoosha mkono mimi. Nikauliza, siku haufunguki tunafanyaje?

Osward ndiye aliyenijibu. "Dada Yustina, darasa la nne nalo linataka kuukagua mtandao?"

Watu wakacheka. Remigius akapangusa macho, akasema, "Mwacheni dada, anaogopa kukosa kazi." Wakacheka tena. Na mimi nikacheka, mwanangu. Hiyo ndiyo sehemu yangu. Nilicheka ili nisionekane nimeumia, na sikuuliza tena.

Wiki ile wakaagiza madaftari yote mawili yaletwe yachomwe, ili siri za watu zisizagae. Sababu yenyewe haikuwa mbaya. Mama Zainabu alilishika la kwake kidogo, akaniambia, "Yustina, angalau ukurasa mmoja." Ukurasa wa O hasi ulikuwa na mistari tisa. Ingenichukua muda wa kunywa chai kuinakili. Nikaona haya, nikaogopa Osward atanisema tena kikaoni, nikamwambia hapana, tupeleke. Nikasimama nyuma ya ofisi nikiangalia yanaungua.

Msimu ukafika. Osward akapanda treni mpaka Mlimba, akaunga na pikipiki kwenda Masagati, na laini ya simu ikiwa mfukoni mwake kama kawaida ya mtu anayesafiri na simu yake. Aliaga. Remigius alijua. Hakuna aliyeuliza.

Basi pale koridoni, Nassoro anapiga simu ya Osward, haipatikani, anapiga kwa kampuni, wanamwambia atume barua pepe. Mimi nikajikamua kichwa. Katika tisa nilikumbuka watatu. Mmoja alishahamia Mlimba. Wa pili tulimpata kwenye simu, akasema kwa huruma, "Dada, nimetoa wiki tatu zilizopita, hawatanikubalia." Wa tatu nilimjua kwa nyumba, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Nikachukua bajaji. Tulikuta kufuli. Jirani anapeta mchele akaniangalia akasema, "Mama, wote wako shamba. Si unaujua msimu?"

Naujua. Kwenye daftari ningekuwa nimeandika hayupo, na nisingempotezea Fides ile nusu saa.

Niliporudi nesi alikuwa amesimama nje ya mlango, hana haraka tena. Nikajua kwa jinsi alivyosimama. Akanipa mtoto kwanza, halafu ndiyo akaniambia.

Osward alirudi baada ya siku tisa. Alifungua simu mbele yangu, namba sita zikaingia, na orodha ikatoka yote kama Nassoro alivyosema, haijapotea hata moja. Niliisoma nimesimama. Mtu wa nne kwenye orodha ni mama anayeuza samaki sokoni, mwendo wa miguu kutoka hospitali. Nilikwenda kumuuliza. Akasema siku ile alikuwa kwenye meza yake tangu asubuhi, na simu alikuwa nayo. Akaniuliza kwa nini hatukumwita. Nikanunua samaki nikaondoka.

Kikao kilichofuata Remigius alisema ni mipango ya Mungu. Mungu hakukaa kwenye kikao kile, mwanangu, mimi nilikuwepo, nilituona tuliokaa. Osward akasema yeye alimuaga mwenyekiti. Mwenyekiti akasema mambo ya mfumo ni ya Nassoro. Nassoro akasema alikumbusha simu ya pili na lile zoezi mara mbili kwenye grupu letu la wasapu, na akatuonyesha, na chini ya ujumbe wake kuna vidole gumba vitatu. Kimoja kilikuwa changu. Baada ya hapo tukaombewa, tukafunga kikao.

Nakwambia wewe unayekabidhiwa sasa vitu hivi, maana ni ninyi mnaokabidhiwa. Sikwambii urudi kwenye daftari. Weka kwenye wingu, lina kazi yake. Lakini kitu kuwepo salama mahali fulani hakumsaidii mtu anayevuja damu. Jiulize huyo mgonjwa anaweza kusubiri kwa muda gani, na huo ndio uwe muda wako wa kukipata, siyo muda unaokupendeza wewe. Ufunguo ushikwe na watu zaidi ya mmoja, na wasiwe watu wanaosafiri msimu mmoja. Nakala nyingine ikae mahali pengine, imefungwa vizuri, kwa mtu asiyehama, na huyo mtu awe ameshaifungua kwa mkono wake, siyo kuambiwa tu kwamba inafunguka. Na fanya lile zoezi. Lifanye katikati ya msimu, watu wakiwa hawapo, maana shida haitakungojea uvune. Ukichekwa, uliza tena. Mimi kicheko kimoja tu ndicho kilichonifunga mdomo, na mtoto wa Fides sasa ananiita mama.

Mungu akulinde wewe na unaowapenda. Akupe shingo ngumu kwenye vikao na mguu mwepesi siku ya shida, na siku utakapoitwa kufungua mlango wa mtu mwingine, ukute unafunguka.

Lakini ninyi niliokaa nanyi kwenye kikao kile, bado sijamalizana nanyi. Mfumo ule unafanya kazi mpaka leo, namba bado inakwenda kwenye simu moja, na simu bado ni ya Osward. Mpunga unakaribia kutoa masuke. Nimekwenda kwa mtendaji wa kata nimeomba kikao cha hadhara kabla watu hawajahama, na nimeomba wanisikilize hata kama sijui kuandika barua ya kiofisi.

Nassoro atajibu kwa nini alijua hatari akaishia kwenye wasapu. Mimi nitajibu ukurasa wenye mistari tisa, nitajibu nimesimama. Osward atatuambia kwa nini ile laini inayopokea namba hakumwachia mtu. Na wewe Remigius, usituletee Mungu tena. Nataka usimame mbele ya watu useme, siku Osward anakuja kukuaga, ulikumbuka kwamba anaondoka na ufunguo wa damu ya mji mzima, ndiyo au hapana. Kama ulikumbuka, kwa nini ulimwacha apande treni?