Chaguzi Kumi za Verna wa Dampo

Mara ya kwanza Verna Philbrick anachaguliwa kuwa mbunge, hakuwa mgombea. Msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa kazini kwake, kwenye dampo la mji wa Pelling, amevaa glavu za ngozi, anamgombeza bwana mmoja aliyetupa chupa za kijani kwenye pipa la chupa nyeupe. Simu ya kibandani ikalia. Alikuwa Corinne, karani wa mji.

"Verna, kaa chini."

"Nina kazi, Corinne. Sema."

"Umechaguliwa."

"Kuwa nini?"

"Mbunge wa jimbo. Unakwenda Concord, bungeni."

Verna alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasikia kwamba Corinne hacheki, na cheko lake likakatika hapo hapo.

"We Corinne, usinifanyie mzaha asubuhi yote hii."

"Watu mia mbili na kumi na tisa wameliandika jina lako kwenye karatasi ya kura kwa mkono wao. Mia moja na tisini wamemchagua Harlan."

"Harlan si yuko Florida?"

"Yuko Florida. Na angeongeza kura thelathini tu, angetuwakilisha kutoka huko huko ufukweni."

Huyo Harlan alikuwa mbunge wa Pelling tangu enzi na enzi. Wiki tano kabla ya uchaguzi alifungasha virago akahamia kwenye jua, wala hakuaga mtu, na jina lake lilikuwa limeshachapwa peke yake kwenye karatasi za kura. Watu walikasirika, hasira hasa. Na Pelling watu hukasirikia pamoja mahali pamoja tu, damponi, Jumamosi asubuhi, kwa sababu kule kila mtu huleta taka zake mwenyewe, awe daktari, awe mlevi. Wote walimjua Verna. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mdomo hauna breki, anayejua kwa kutazama mifuko yako umekula nini na umekunywa nini wiki nzima, na hajawahi kumwambia mtu. Mmoja akasema kwa utani, tumwandike Verna. Utani ukashika moto.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake mzazi, nyumba ya pili kutoka kwake. Mama yake, Althea Leavitt, mwalimu mstaafu, alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimesikia," akasema. "Basi nunua viatu. Huingii bungeni na hivyo vya takataka."

Verna alinunua viatu. Alikula kiapo mwezi wa Desemba, akakaa katikati ya wabunge mia nne, wakulima, manesi, wastaafu na vijana wa vyuo, kila mmoja akilipwa dola mia moja kwa mwaka, pesa isiyofika hata kwenye mafuta ya gari. Miezi mitatu ya kwanza hakufungua mdomo. Mwezi wa nne mheshimiwa mmoja akasimama kusema watu wa milimani hawajui kutunza mazingira. Lo! Verna alimsomea dakika nane bila karatasi, takataka za jimbo zima mwanzo mpaka mwisho, na bwana yule akakaa chini kabla hajamaliza. Toka siku hiyo wakamweka kwenye kamati.

Baada ya hapo alikuwa mgombea kama wagombea wengine, kila baada ya miaka miwili. Mara ya pili alishinda kwa kura sitini na tatu. Mara ya nne chama chake kilifagiwa jimbo zima, vigogo walianguka kushoto na kulia, yeye akabaki kwa kura kumi na moja. Alikaa jikoni na ile namba mkononi, anaisoma na kuirudia, hasadiki. Mara ya saba mumewe Wendell alikufa ghafla mwezi wa Oktoba, akiwa anapakia kuni. Verna hakufanya kampeni hata siku moja. Akapata kura nyingi kuliko mwaka wowote.

Niseme wazi, toka Wendell afariki, kile kiti ndicho kilichokuwa kinamtoa kitandani. Kulikuwa na vikao, barua za watu, gari lenye kibao cha namba ya kiti chake, barabara ya saa moja na nusu kwenye theluji. Pale damponi alishastaafu. Watoto hakuwa nao. Bila Concord, angeamkia nini? Yeye mwenyewe hakutaka kuliwaza swali hilo, kwa hiyo alipofika miaka sitini na tisa akagombea mara ya kumi.

Mpinzani wake mwaka huo alikuwa Duane Gagnon, fundi magari, mtu mpole mwenye sauti ya kunong'ona. Nani angemwogopa Duane? Verna hakulala na wasiwasi. Jioni ya uchaguzi mashine ikatema karatasi yake pale kwenye ukumbi wa mji, Corinne akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Mia saba arobaini na mbili," akasema. "Na mia saba arobaini na mbili."

Duane alikuwa amekunja kofia yake mikononi kama aliyekuja kuomba radhi.

Wiki mbili baadaye walikutana Concord kuhesabu upya. Kule kura huhesabiwa mchana kweupe, mezani, maofisa wanazigeuza moja moja kwa mkono, na wagombea wamekaa hapo hapo wanaangalia. Kugusa hakuna. Ukiona karatasi huitaki unasema "napinga" kabla haijawekwa kwenye fungu, ikishawekwa basi. Verna alikuja na Merle Tuttle, mtu wa chama chake, mzee mwenye koo la kukwaruza anayejua sheria za uchaguzi kama anavyojua mifuko yake. Duane alikuja na mkewe.

"Tukimaliza sare, tumeshinda," Merle alimnong'oneza Verna. "Sare inapelekwa bungeni, na bungeni sisi ndio wengi. Wewe tulia tu."

Zilikwenda saa mbili. Fungu hili, fungu lile, kila hesabu inarudi vile vile. Merle alishaanza kuvaa koti. Ndipo ofisa akafika kwenye karatasi ambazo mashine ilisoma kuwa hazina kura ya ubunge. Nyingi zilikuwa tupu kweli. Akageuza moja, akasita, akaisukuma katikati ya meza waione wote.

Kiduara cha kujaza wino mbele ya jina, ambacho ndicho mashine husoma, kilikuwa kitupu. Lakini jina la Duane Gagnon lilikuwa limezungushiwa mstari, na pembeni ya jina la Verna Philbrick kulikuwa na maneno matatu kwa wino wa bluu. *Hapana, asante, Verna.*

Verna akainamia meza. Hakuyasoma yale maneno, aliyatambua. Herufi za mviringo, zimelalia kulia kidogo, mkia wa herufi ya mwisho umepita chini ya jina zima na kurudi. Ule mwandiko ulikuwa ubaoni miaka arobaini na moja katika darasa la tatu la Pelling. Kila mtoto wa mji ule aliuiga mpaka vidole vikauma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuupata sawasawa. Ulikuwa unatetemeka kidogo sasa, lakini ulikuwa ule ule.

Mama! Mama yake mzazi!

Akainua macho, yakakutana na ya Duane. Duane alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Naye alikaa darasa lile, naye alichapwa rula vidoleni kwa ajili ya ule mkia. Mkewe vile vile. Watu watatu wa Pelling mezani, na wote watatu wamejua.

"Kiduara hakijajazwa!" Merle akamsukuma na kiwiko. Yeye hakuwa mtu wa Pelling, hakuona chochote zaidi ya karatasi. "Pinga! Pinga upesi! Hii tunaiua!"

"Mheshimiwa?" ofisa akauliza. "Mimi naona nia ya mpiga kura iko wazi. Una pingamizi?"

"Anayo," akasema Merle.

Duane akamwinamia Verna mezani, sauti yake haisikiki vizuri. "Dada Verna, ukipinga mimi sitaongea neno. Naapa."

Naye angefanya hivyo, ndiyo tabia ya Duane. Verna alikitazama kile kiduara kitupu. Neno moja tu lilitakiwa, na kiti ni chake. Lakini baada ya neno hilo yangekuja mabishano, karatasi ingeinuliwa juu, wanasheria wangeibishania ile mikia na mitetemo, na mwandishi wa habari aliyekaa pale pembeni angepiga picha. Kesho Pelling nzima ingeufungua ukurasa na kuutambua ule mwandiko kabla ya kumaliza kahawa.

"Sina pingamizi," akasema.

"Verna! Una wazimu?"

"Nimesema sina, Merle. Vaa koti lako."

Mia saba arobaini na tatu, mia saba arobaini na mbili. Duane alimpa mkono bila kuweza kumtazama.

Aliendesha gari mpaka Pelling hajui amepitaje barabarani. Aliingia kwa mama yake akamkuta jikoni, mwanamke wa miaka tisini na mmoja, kibakuli cha matofaa mapajani, anamenya ya pai.

"Mama, nimeuona mwandiko wako."

"Nilijua utauona. Una macho."

"Hukatai?"

"Nikatae nini? Nilikufundisha uongo mimi?"

Verna akashika mgongo wa kiti. "Umenitoa bungeni, mama! Kura moja! Yako! Nimekukosea nini mwaka huu?"

"Mwaka huu? Hapana, mwanangu. Miaka yote."

"Miaka yote ipi?"

"Chaguzi zote kumi. Ile ya kwanza nilimpa Harlan."

"Harlan alikuwa Florida!"

"Ndiyo. Kule alikuwa hawezi kuharibu kitu."

Mara kumi! Ilimzunguka Verna kichwani, hana pa kuishika. "Lakini ulishika bango langu! Mlangoni pa ukumbi, kwenye mvua, kila mwaka! Uliwapikia supu watu wangu!"

"Bango nililishikia mtoto wangu. Kura ni yangu. Nilikuwa nikiliegemeza bango lako ukutani, naingia, napiga, natoka, nalichukua tena." Aliyasema hayo bila hata kuinua kichwa. "Miaka yote nilijaza kiduara chao vizuri tu. Mwaka huu mkono ulikataa. Kitu chenyewe kidogo kama punje. Kuandika bado naweza, mkono unajiendea wenyewe."

Ndipo Verna akaangalia kisu. Kilikuwa kinacheza. Maganda kibakulini yalikuwa manene, nusu ya tofaa imekwenda nayo, na kidole cha shahada kilikuwa na plasta mbili. Alikula kwenye meza ile kila Jumapili. Kwa mwaka mzima mama yake alikuwa anaweka mikono chini ya aproni, na yeye alikuwa anazungumza habari za kamati.

"Ungeniambia," akasema Verna. "Hata mara moja, mama. Ungeniambia hunikubali."

"Ungeniomba."

"Nikuombe nini?"

"Kura!" Bibi huyo akaweka kisu chini kwa kishindo. "Umebisha hodi kila nyumba ya mji huu, Verna, kila baada ya miaka miwili, mpaka ile ya Duane mwenyewe. Unasimama kwenye baridi, unavua kofia, unawauliza wana neno gani. Hapa kwangu unaingia bila hodi, unafungua jokofu, unaniambia mama safari hii tunashinda. Tunashinda! Nani alikwambia mimi nimo? Miaka kumi na minane nimekaa kwenye kiti hiki nakungoja uniulize."

Verna alitafuta siku moja, hata moja, ya kumjibu nayo. Aliipitia miaka ile mwaka kwa mwaka, amesimama pale na koti lake la Concord, na hakuipata. Machozi yalimtoka, hakuyazuia.

Akavua koti. Akavuta kiti, akakiondoa kibakuli mapajani mwa mama yake, akachukua na kisu pia.

"Una neno gani, mama?"

"Una muda?"

"Sina pa kwenda."

"Vizuri," akasema Mwalimu Leavitt, akaiweka mikono yake mezani, yote miwili, ikitetemeka mbele ya mwanawe. "Basi tuanze na mwaka wa kwanza. Ile kura uliyopiga bungeni ya kodi ya majengo ilikuwa upuuzi mtupu, na nitakueleza kwa nini."