Kibao cha Kioo cha Kasereka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kwendea misa. Baba yangu alikuwa karani, na babu yangu kule Bukavu alikuwa karani, kwa hiyo niliposikia kwamba atelie moja, karakana ya mtaa wa Birere hapa Goma, inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri nilijua nimepata meza na kiti. Shefu wa atelie, yaani mkuu wa mafundi, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akanipa ndoo, sabuni na kreti ya glasi chafu. Niliosha glasi hadi jioni, na kesho yake nikaosha tena. Ninyi vijana mnaoanza kazi, mnaouliza habari za likizo kabla hamjajua choo kiko wapi, nivumilieni kidogo niwasimulie.

Shefu yule alikuwa na maneno machache na hasira nyingi, lakini hakunioshesha glasi kwa kunionea. Alitaka mikono yangu ikijue kioo. Kuna glasi yenye mshono pembeni, kuna yenye viputo ndani, na kuna ile iliyokazwa kiwandani ambayo ukiigusa vibaya inamwagika yote kama chumvi. Wakati ule tulichonga kwa mkono, kwa kalamu ya chuma yenye ncha ya almasi, na jina moja refu liliweza kula asubuhi nzima. Nilimwogopa shefu yule hadi alipostaafu, na siku ya kumuaga nilishangaa kuona kwamba machozi yananitoka.

Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe mashine ya laser ilipofika, imefungwa ndani ya sanduku la mbao. Laser ni mwanga uliokusanywa mahali pamoja hadi ukawa moto, ila moto wenyewe macho hayauoni. Unazaliwa ndani ya bomba refu la kioo, unarushwa na vioo vidogo kutoka kona hadi kona, kisha unapita kwenye lenzi inayoukaza uwe mwembamba kama ncha ya sindano. Ubao unauchoma. Kioo hakiungui, kinapasuka: uso wake unapata nyufa ndogo zisizohesabika, na nyufa hizo ndizo jicho linaziona kama maandishi meupe. Mtu akiwaambia kwamba laser inaandika juu ya kioo, mwambieni kwamba inakijeruhi kwa adabu. Ili kidonda kisizidi, tulikifunika kioo kwa karatasi iliyoloweshwa maji ya sabuni, moto upoe kidogo kabla ya kukifikia.

Bomba lile linapozwa kwa maji, na maji ya Goma yalitutesa kuliko kukatika kwa umeme. Ziwa lina chumvi zake. Mvua nayo, upepo ukitoka upande wa volkano, inashuka na uchachu unaokula mabati. Mwenzangu mmoja, fundi hodari, aliagiza bidoni za maji kutoka Kituku, ufukweni mwa ziwa, zikaja juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akajaza tangi huku akijisifu kwamba maji yake ni safi kupita ya kunywa. Hazikupita wiki nyingi bomba likafanya utando, moto ukafifia, na maandishi yakatoka kama ya mtu mwenye homa. Mkurugenzi, mwenye atelie, alikuja, akachovya kidole kwenye tangi, akakilamba. Kisha akauliza kwa upole kama siku hizi mashine yake inavua samaki. Tulicheka wote isipokuwa mwenzangu, na tangu siku hiyo tulitumia maji yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari.

Baadaye Mkurugenzi alinituma na mashine hiyo Kiwanja, mji ulio kaskazini ya Goma, kwenye tawi dogo lililosimamiwa na mama mmoja wa Butembo tuliyemwita Gerante. Kazi kubwa ya kule ilikuwa glasi za arusi. Sasa, Wanande, watu wa kwao Gerante, huwapa watoto majina kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa na nani alimfuata, kwa hiyo karibu kila nyumba ina Kambale wake na Kavira wake. Ikaja Jumamosi moja yenye arusi nyingi, nyingine za Jumapili yake, na maboksi karibu yote yameandikwa Kambale na Kavira. Yalipotoka mlangoni yakapotezana njia. Maarusi walinyweshana kwenye glasi za watu wengine wakapigiwa vigelegele, na hakuna aliyegundua hadi babu mmoja alipovaa miwani yake na kuuliza mbona tarehe ni ya kesho. Gerante alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka aliweka sheria: hakuna kazi itakayochomwa kabla mwenyewe hajasimama mbele ya mashine na kuikubali kwa macho yake, kisha aibebe mwenyewe.

Kuikubali kulikuwa hivi. Unauzima moto, unaacha kitone cha taa nyekundu peke yake kipite juu ya kioo na kufuata kila herufi, kama vile moto utakavyofuata. Sisi tulikuita kupita kavu. Mteja anaona jina lake likiandikwa kwa taa, na kitone kikishapita kioo kinabaki kitupu. Akisema ndiyo, unawasha moto. Niliirithi sheria hiyo hata barabara ilipoharibika kwa vita na tawi la Kiwanja kufungwa. Mimi na mashine tulirudi Goma juu ya lori, yeye kalazwa juu ya magodoro, mimi nimeketi juu ya gurudumu la akiba, na njiani, pale Kalengera, wanajeshi waliuliza kama tumebeba maiti. Mkurugenzi alinipokea, akanifanya shefu wa atelie, na pale ndipo nilipofanya kazi hadi mwisho.

Katika miaka yangu ya mwisho mwisho alikuja Papa Mbusa, mfanyabiashara wa maharagwe, mtu wa heshima zake. Alitaka kibao cha kioo kwa jina la Kasereka, mtoto wa marehemu kaka yake. Kasereka alikuwa ameondoka Goma na mzigo kuelekea Beni, na hakufika. Gari halikuonekana, wala yeye, wala waliokuwa naye. Miaka ilikuwa imepita, na jamaa walikubaliana kusoma misa na kuondoa matanga bila mwili. Juu ya kibao uwekwe msalaba, chini yake jina, upande wa kushoto siku ya kuzaliwa, na upande wa kulia siku aliyoonekana mara ya mwisho. Nilimwomba Papa Mbusa arudi kesho aone taa nyekundu, akakubali.

Kesho yake hatukuwa tumemaliza kufagia nilipomkuta mama mmoja amesimama mlangoni, kitenge amekifunga vizuri, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Alisema jina lake ni Katungu, na kwamba ni mama wa Kasereka. Alikuwa amesikia kwamba jina la mtoto wake liko kwetu. Nilidhani ametumwa na shemeji yake, nikamkaribisha mbele ya mashine na kuanzisha kupita kavu. Kitone kilizunguka msalaba, kikashuka kwenye K, kikaendelea. Yeye alikifuata kwa macho bila kupepesa.

"Ile taa inachoma?" akauliza.

Nikamwambia bado, hiyo ni ya kuonyesha tu. Akaniomba nianze tena. Nikaanza tena. Kitone kilipofika kwenye msalaba aliunyoosha mkono wake, akauweka wote juu ya kioo, na ile taa ikapanda juu ya vidole vyake.

"Papa, mukichoma huu musalaba, njo ninyi munamuua mutoto wangu," akasema. "Mupaka leo hakuna mutu alishamuua."

Nimefanya kazi na kioo karibu maisha yangu yote, na sijawahi kuiogopa mashine kama nilivyoiogopa asubuhi ile. Niliizima. Nikampa kiti, nikaenda kumweleza Mkurugenzi.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, lakini alisema mwenye kazi ni yule aliyeileta, na aliyeileta ni Papa Mbusa. Kwa sheria yetu alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyewafundisha wote sheria hiyo. Nikamwambia jambo moja tu ninalolijua: kilichosahauliwa kwenye kioo unaweza kukiongeza kesho, lakini kilichoandikwa hakitoki, hata ukikisugua hadi kioo kiishe. Akakuna shingo. Akasema basi tumngoje mzee.

Papa Mbusa alipofika na kumkuta shemeji yake pale, uso wake ulibadilika. Hakupiga kelele. Alianza kwa kumwambia kwamba hata yeye anamlilia Kasereka, kwamba alimpakata akiwa mtoto mchanga. Kisha akasema shida yake, na mimi niliyekuwa upande wa mama nikaona kwamba mzee naye ana neno. Kasereka aliacha mke, Masika, msichana bado, anayekaa nyumbani kwa mama mkwe wake. Si mke, si mjane. Wazazi wake wanauliza. Matanga yasipoondolewa hakuna mtu atakayethubutu kumposa.

"Shemeji, unataka azeekee mulangoni yako?" akamwuliza. "Ule naye ni mutoto wa batu."

Mama Katungu aliuweka mkoba wake magotini. Pampu ya maji ya mashine ilikuwa ikilia, nikatamani kuizima lakini nikaogopa kusogea.

"Masika nilishamwachilia," akasema hatimaye. "Juzi nilimupeleka miye mwenyewe kwa baba yake. Nikabaambia, huyu ni mutoto wangu, lakini akipata bwana, bamupe. Nikamubariki. Hapana kumuua Kasereka juu ya Masika apate kuolewa. Banaweza wote wawili kuishi."

Papa Mbusa hakuwa amelijua hilo. Aliketi juu ya kreti ya glasi bila kuangalia kama itambeba. Alivua kofia, akaigeuza geuza mikononi, na niliona kwamba anajizuia kulia mbele yetu. Mtu anaweza kubeba uamuzi mgumu kwa miaka mingi kwa kudhani kwamba hakuna njia nyingine, na siku akionyeshwa njia anaona haya kwa sababu ilikuwa karibu. Ndivyo nilivyomwelewa.

"Toa musalaba," akaniambia. "Na ile tarehe ya mwisho, itoe."

Nikamwuliza mama kama anataka kitu kingine kiwekwe upande wa kulia. Akasema ile fasi niiache wazi. Nikalowesha karatasi, nikaifunika juu ya kioo, nikapitisha kavu mbele yao wote wawili, wakakubali wote wawili. Nikachoma jina na siku ya kuzaliwa. Mama Katungu hakukubali nisafishe mimi. Alifuta sabuni mwenyewe kwa ncha ya kitenge chake, polepole, kama anayemwosha mtoto uso. Misa ilisomwa kweli, lakini ilikuwa misa ya kumwombea msafiri.

Nilistaafu baada ya hapo, macho yalipoanza kuziona herufi ndogo kwa shida. Shefu wa sasa ni kijana mwenye akili, anaiamrisha mashine kwa simu akiwa ameketi anakula mandazi, na kazi yake inatoka safi kuliko yangu. Simwonei wivu, au namwonea kidogo tu. Nikipita pale hunisalimia kwa heshima, huniuliza habari za maji na lenzi hata mambo anayoyajua, ili mzee afurahi, na mzee hufurahi. Vijana wengine huniuliza siri ya kazi ni nini. Hutegemea niseme nguvu ya moto au mwendo wa mashine. Vitu hivyo mtavijua kwa kuharibu glasi chache. Mimi nawaambia wapunguze haraka. Mtu anapowaletea jina la mtu, ulizeni jina hilo lina nani nyumbani.

Mwaka jana, asubuhi moja, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yangu, akashuka Mama Katungu. Alikuwa amekonda sana, anatembelea fimbo, na mkononi ana kitu bapa kilichofungwa kwa kitenge. Nilikijua kabla hajakifungua. Alikataa chai. Alisema ile fasi niliyoiacha wazi, leo anataka niijaze.

Nilimwuliza kama wamepata habari za Kasereka, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Habari hakuna," akasema. "Daktari ananiambia miye njo niko naenda. Andika jina yangu pale pembeni yake. Akirudi na miye sipo, ajue nilikuwa nangoja."

Tulikwenda pamoja hadi atelie. Shefu kijana alinipisha kwenye mashine. Niliandika Katungu, nikamwuliza kama niweke msalaba kwa upande wake, akatikisa kichwa kukataa. Nikazima moto, nikapitisha kavu, nikamwambia atazame. Hakuitazama taa. Alikuwa akitazama jina lililoandikwa zamani, na midomo yake ilikuwa ikilisoma.

"Choma, papa," akasema.

Nikachoma.