Mfuko wa Suruali ya Afande

Kuna sauti moja inayonichosha kuliko zote: sauti ya kaveera mpya ikifunguliwa. Mama analowesha kidole kwa ulimi, anasugua mdomo wa mfuko wa plastiki mpaka pande mbili ziachane, halafu anaupuliza, nao unajaa hewa kwa kishindo kidogo. Sisi huku mashariki mwa Uganda mfuko huo tunauita kaveera, na ikiwa mingi tunaiita buveera. Katika duka letu hapa Namakwekwe, mjini Mbale, sauti hiyo huanza kabla sijanywa chai na haikomi mpaka tufunge mlango jioni.

Kwa majuma kadhaa ilinikosesha usingizi, au tuseme swali lililokuja nayo ndilo lililonikosesha. Je, niache kuwapa wateja kaveera, niwashonee mifuko ya kitambaa, ya kwenda nayo sokoni na kurudi nayo? Nimesomea mambo ya mazingira chuoni. Nimeona mitaro inayoingia mto Nabuyonga ikizibwa na buveera mpaka maji ya mvua yakaingia vyumbani mwa watu. Mtu mwingine angeamua kwa siku moja. Mimi nafikiri jambo mpaka linachakaa mikononi, na ninapodhani nimemaliza naligeuza upande wa pili naanza upya. Ng'ambo ya barabara kuna duka la Hajji, ambaye anakupa kaveera hata ukinunua kiberiti. Tangu Baba astaafu, duka hili ndilo linalotulisha, na mimi bado natafuta kazi. Wateja wakivuka barabara, tumekwisha.

Nilipomweleza Mama hakubisha. Aliendelea kupima sukari, kisha akasema, "Fanya. Lakini ufikiri kwanza ile ya Jinja."

Ile ya Jinja. Ngoja niwasimulie, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani naijua.

Baba alikuwa askari jela. Yeye ni Mteso, Mama ni Mgisu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake, nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha kambini. Tuliishi Jinja, kwenye kota za askari: safu za vyumba vya matofali, kila mlango na jiko lake la mkaa mbele, kila jiko na harufu yake. Nilisoma shule ya msingi Mpumudde, na niliporudi jioni niliweza kutaja chakula cha kila familia kabla sijafika kwetu.

Kota zilikuwa na lango moja, na hatua chache kutoka langoni palikuwa na bomba la maji. Wake wa askari walifulia hapo, walisuka nywele hapo, walingojea zamu ya ndoo hapo. Kwa hiyo kila kilichoingia kota kilipita mbele yao. Hakuna aliyeweka sheria, lakini sote tuliijua: ukitoka sokoni, unabeba kaveera nyeusi. Nyeupe ilikuwa ya kubebea nyanya na vitu vingine visivyo na siri. Nyeusi, tena mbili, moja ndani ya nyingine, ndiyo ilikuwa ya mboga ya siku. Mwanamke aliyebeba kaveera nyeusi alisalimiwa, "Karibuni nyama!" naye akajibu, "Nyama iko!" Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sisi ndani ya nyeusi yetu tulikuwa na mgongo wazi. Kama hamkukulia karibu na viwanda vya samaki, nawaeleza: ni sangara aliyeondolewa minofu yote ikasafirishwa ng'ambo, akabaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Watu wa kawaida tulinunua mabaki hayo. Mama aliyakaanga mpaka yakalia, akayachemsha na nyanya na vitunguu, nasi tukafyonza mifupa mmoja mmoja huku mchuzi ukitiririka mpaka kwenye viwiko. Hakuwahi kukiita chakula hicho mgongo wazi. Alikiita samaki. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua jedwali la saba kwa kichwa, na bado niliamini kuna aina mbili za samaki ziwani: wa mifupa, walioumbwa kwa ajili yetu, na wa nyama, walioumbwa kwa ajili ya maofisa.

Siku moja mifupa ilitoboa. Mama alikuwa amevuka lango, mimi nyuma yake na mfuko wangu wa shule, na pale pale mbele ya bomba kaveera zote mbili zikachanika kwa pamoja. Kichwa cha sangara kikaanguka kwanza, kinywa wazi, kikasimama mchangani kama kinauliza njia.

"Eh, Mama Apolot!" akasema Mama Brenda, jirani yetu wa mlango wa tatu, akimwita Mama kwa jina langu, mikono imejaa povu. "Leo mko na sherehe? Samaki mkubwa hivyo!"

"Mkubwa, lakini nguo yake imebaki kiwandani," mwingine akadakia.

Wakacheka. Mama naye akacheka, akainama, akakusanya mifupa kwenye pindo la gomesi, gauni lake refu. Mimi nilicheka pia, kwa kuwa kile kichwa kilichekesha kweli.

Jioni hiyo Mama alitoa sandukuni suruali ya kazi ya Baba, ya kaki, iliyochanika magotini hata isishoneke tena. Kaki ile ilikuwa ngumu. Hakuna mfupa ambao ungeipenya. Alikata miguu, akashona chini, akageuza kitambaa nje ndani ili upande wa ndani, wenye rangi hafifu, ndio uonekane, akaweka mikono miwili mirefu ya kuning'iniza begani. Baba alimtazama, akasema, "Hiyo ni nguo ya serikali." Mama akamjibu, "Serikali imeivaa ikachoka." Baba akarudi kwenye redio yake.

Hivyo ndivyo Mama yangu alivyoacha kaveera, na niliupenda mfuko ule. Tuliusugua kwa majivu na ndimu kila jioni, na bado ulinuka samaki. Sikujali. Ndani ulikuwa na mfuko wa suruali uliobaki na kifungo chake, na humo Mama aliniwekea karanga. Kasoro yake ilikuwa moja, ambayo mimi sikuiona kuwa kasoro: ulikuwa mpana mdomoni, na mkia wa samaki ulichungulia nje. Mama aliufunika kwa majani ya sukuma. Siku zingine sukuma zilikuwa nyingi kuliko mahitaji yetu, nami nilishangaa kwa nini tunakula majani kama mbuzi.

Kisha zikaja habari kwamba sare za askari zinaibwa stoo na kuuzwa mjini. Ikatoka amri kila mzigo ukaguliwe langoni. Zamu siku hiyo ilikuwa ya Ochen, askari kijana aliyekuwa akija kwetu Jumapili kunywa chai.

"Mama, shikamoo. Fungua hiyo mfuko."

"Marahaba. Ochen, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ni amri."

Mama akafungua mdomo wa mfuko kidogo, kama mtu anayefungua mlango kwa mgeni asiyemtaka. Ochen akaingiza mkono chini ya sukuma, akapapasa, na vidole vyake vikakutana na kile kifungo. Uso wake ukabadilika. Akageuza ukingo wa kitambaa, akaona kaki.

"Mama, hii ni sare."

"Ni suruali kuukuu ya mume wangu. Imekufa."

"Sare haifi, mama. Inarudishwa stoo." Akatazama nyuma, kule sajini alikokuwa amesimama akimwangalia. "Ni lazima nitoe vitu, nipeleke mfuko."

Hapo ndipo Mama akashika mikono ya ule mfuko. Niliona vidole vyake vikikaza. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, twende nao hivi hivi mpaka ofisini. Nitautoa mwenyewe huko. Usimwage hapa."

"Afande ananitazama, mama."

"Ochen. Usimwage hapa."

Akamwaga. Sukuma, halafu migongo, halafu vichwa, juu ya saruji ya lango, mchana kweupe. Pale bombani maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo iliyojaa, na hakuna aliyeyafunga. Safari hii hakuna aliyetania. Mama Brenda aliangalia miguu yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nalia kwa hofu kwamba Baba atafungwa, tena katika gereza lake mwenyewe, na atalindwa na Ochen. Nilifikiria mpaka nani atampelekea uji.

Baba aliitwa. Alisimama wima mbele ya sajini, akasema "Ndiyo, afande" mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema neno lolote. Mfuko ulichukuliwa, na baadaye tuliambiwa umechomwa moto. Alipoachiliwa alikuja langoni, akachuchumaa na sare yake iliyopigwa pasi, akaokota mifupa mmoja baada ya mwingine, akaifunga kwenye sukuma. Akanipa vichwa nibebe. Mama alipika kama kawaida, na chumvi ikazidi.

Kabla muhula haujaisha tulihamishiwa Mbale.

Mimi niliunganisha mambo kama mtoto anavyounganisha: Mama alishona mfuko, mfuko ukakamatwa, Baba akaadhibiwa, tukafukuzwa Jinja. Niliubeba uelewa huo mpaka chuoni. Niliuandika hata kwenye insha ya darasani, nikaeleza jinsi sheria zisizofikiriwa vizuri zinavyowazuia raia kutumia tena vitambaa. Mwalimu aliipenda sana. Mama alipotaja "ile ya Jinja" juzi, nilidhani ananionya kwamba mifuko ya kitambaa huleta matatizo na wakubwa.

Nilikwenda kwa Baba. Siku hizi anakaa nje ya duka kwenye kiti chake cha kamba, anasalimia waendesha boda boda kama anakagua gwaride. Nilimwuliza kama ile suruali ndiyo iliyomhamisha.

"Suruali?" Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Suruali ilikuwa kitu gani? Walinikemea, nikasema ndiyo afande, ikaisha siku ile ile. Uhamisho niliomba mimi."

"Uliomba? Kwa nini, Baba? Ulikuwa na marafiki zako wote Jinja."

Alipokea salamu ya mpita njia, akajibu, kisha akanirudia. "Mama yako alikuwa anapita pale bomba kichwa juu. Wewe ulimwona. Baada ya ile siku akaanza kupenya tundu la ua kule nyuma, kwenye majani, na mzigo wa sokoni kichwani, ili asipite mbele ya wale. Maji alikuwa anachota alfajiri peke yake. Nikamwona siku ya kwanza, nikanyamaza. Nikamwona tena. Nikaenda kwa mkubwa nikasema, afande, nipeleke popote." Akakunja miguu. "Usimwambie nimekuambia. Anafikiri ilikuwa ni amri."

Nilirudi ndani, nikasimama nyuma ya kaunta, nikachoka ghafla, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu akaambiwa haukuwa wake. Mama alikuwa anamhudumia jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye wajukuu wengi. Alinunua muhogo kidogo na dagaa wachache. Mama hakumwuliza chochote. Alichomoa kaveera nyeusi mbili, akazipuliza, akaweka moja ndani ya nyingine. Yule mwanamke akaitwaa, akatoka, na mlangoni akamwambia mtu kwa sauti nzuri, "Nyama iko!"

Nilikuwa nimemwona yule mwanamke akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimehesabu moyoni muda ambao plastiki ile itakaa mtaroni. Sikuwahi kuona kwamba, pamoja na muhogo na dagaa, alikuwa ananunua pia siri yake. Na ile mifuko niliyokuwa nimeichora, ya kitambaa cheupe chepesi, mdomo wazi, na maneno mazuri kuhusu mazingira mbele, ingemtembeza mtaa mzima na dagaa wake wakichungulia.

Sasa hofu yangu ilikuwa na umbo, na mtu mwenye hofu yenye umbo anaweza kufanya kazi. Nilitupa michoro. Nilinunua kitambaa kizito, cheusi, kile ambacho mafundi hapa wanashonea makoti ya shule. Nilishona kwa cherehani ya Mama, vibaya mwanzoni, kisha kidogo afadhali. Mdomoni nilikunja pindo pana na kupitisha kamba, ili ukivuta mfuko ufunge. Sikuandika neno lolote mbele. Niliamua tutawaazima wateja, warudi nao, na nikaamua pia kwamba asiyerudisha hataulizwa mbele ya watu.

Bado sijui kama wateja watabaki. Hajji bado ana buveera zake, na bado najiuliza itakuwaje mvua ikinyesha, itakuwaje dagaa wakinukisha kitambaa, itakuwaje wakiona ni mradi wa msomi asiye na kazi. Nimechoka kujiuliza, lakini sijaacha.

Leo asubuhi mfanyabiashara wa buveera alisimamisha baiskeli yake mlangoni kama kila wiki, akaanza kufungua mzigo. "Dada, nyeusi ngapi leo?"

Mama alitoka ndani. Alichukua mfuko mmoja kwenye rundo, akatia muhogo ndani, akavuta kamba mpaka mdomo ukabana. Akauinua kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku. Akautundika begani, akatembea mpaka katikati ya barabara, akasimama pale kidogo ambapo watu wote walimwona, akarudi.

"Sawa," akasema.

Nikamwambia yule mwanamume afunge mzigo wake, na asituletee tena.