Usiliwashe Kabla Sijafika

Kabla hajalizunguka lile gari hata mara moja, Mama Pampu aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto.

"Limetoka wapi asubuhi hii?" akauliza.

"Halijatoka popote, mama," akajibu mwenye gari, mpimaji wa ardhi mstaafu aliyevaa shati la kuendea ofisini ingawa ofisi hana tena. "Limelala hapahapa uani."

"Basi limelala na homa."

Mdogo wake Mama Pampu, dereva wa lori aliyekuja kumsindikiza, aliangua kicheko. Alikuwa amekwisha kuchungulia dirishani na kusoma kilomita: laki nne na elfu kumi na mbili. "Dada, hili limezunguka dunia mara kumi. Sasa linakutafuta wewe uliongoze safari ya kumi na moja. Twende zetu."

Mama Pampu hakubisha. Alimuaga mzee wa watu kwa adabu, akageuka akichechemea kuelekea langoni. Moyoni alikuwa anachemka kuliko ile boneti.

Ili uielewe hasira yake, lazima uijue kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu ametunza pampu za visima sita katika vijiji vya mlimani. Alianza kama karani wa stoo katika ofisi ya maji. Aliona mafundi wanachukua spea mpya na kurudisha za zamani ambazo hazina ubovu wowote, akaanza kuuliza maswali, na mwisho wakampa spana ili anyamaze. Hakunyamaza, na spana hakuirudisha. Jina la Mama Pampu alipewa na wanawake wa huko juu. Hata marehemu mumewe alimwita hivyo alipotaka kumchokoza.

Ana ufito mwembamba wa chuma, umeng'aa kwa kushikwa. Ncha moja huigusisha kwenye pampu, ya pili huibana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha hufumba macho. Beringi itakayokufa mwezi ujao yeye huisikia leo. Na ana sharti moja ambalo hata mkubwa wake hawezi kulivunja: hawashiwi mashine. Akifika akaikuta inanguruma, huizima, hukaa chini, huisubiri ipoe kabisa, ndipo huiwasha mwenyewe. Mashine ikishapata moto hujikaza na kuficha maumivu. Ya baridi haina uwezo huo.

Miaka yote hiyo alipanda mlima kwa pikipiki, mabomba yamefungwa ubavuni. Mwaka huu, kwenye kona ya mwisho, pikipiki iliteleza ikamlalia, nyonga ikavunjika. Daktari alisema hataki kumwona tena juu ya magurudumu mawili. Ofisi ikampa pole na kiti cha stoo, palepale alipoanzia.

Ofisi hiyo ina magari meupe matatu. Yanaoshwa kila asubuhi, yanawapeleka wakubwa kwenye mikutano ya kuzungumzia maji, na tope la mlimani hayajawahi kulionja. Aliomba moja kwa siku mbili tu za wiki. Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Akaambiwa aandike nyingine, ya kwanza haionekani. Mtu aliyewanywesha maji watu elfu nne anafanywa mwombaji wa kalamu na karatasi! Ndipo alipokata shauri kununua gari lake mwenyewe. Akiba yake ilitosha gari moja, mara moja. Akikosea hakuna la pili, na visima sita vinabaki bila mtu.

Mdogo wake alikuwa amemtafutia gari dogo la petroli, safi, lenye redio inayosalimia ukifungua mlango. "Na kwenye ile kona ya mwisho," Mama Pampu alimuuliza, "redio ndiyo itakayoshuka isukume?"

Kwa hiyo alilitaka hili la dizeli, refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alikuwa amelitaka tangu aliposikia habari zake. Na sasa mzee mwenye mvi anamwonyesha gari lililopashwa moto!

Walikuwa wamefika barabarani waliposikia kandambili ikipigapiga nyuma yao. Mpimaji alikuwa anawafuata, mguu mmoja na kandambili, wa pili bila.

"Mama, nimekudanganya." Alihema kwanza. "Nililiwasha tangu alfajiri. Likiwa baridi linakohoa, linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nimelala nalo maporini miaka kumi na tisa. Niliona aibu mgeni alikute hivyo."

"Kumbe ulimwosha uso mgonjwa," mdogo wake akasema.

Mama Pampu aligeuka akamrudia yule mzee. Amekutana na waongo wengi stoo, wa kuvaa miwani ya mbao na kuapa mchana kweupe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumkimbilia barabarani ili akiri uongo wake.

"Kesho nitarudi kukipambazuka," akasema. "Usiliwashe kabla sijafika. Hata kulifuta usilifute."

Kesho yake boneti ilikuwa na umande. Akaipapasa, akaridhika, akaingia garini na kuzungusha ufunguo. Gari likagugumia, likanyamaza. Mara ya pili likatikisika lote, likawaka, na wingu jeupe likaujaza ua. Mke wa mpimaji alifunga dirisha la jikoni kwa kishindo. "Haya! Sasa wageni wameuona uchi wetu!"

Mama Pampu alishuka na ufito wake. Akausimamisha kwenye injini, akafumba macho, akausogeza, akafumba tena. Hakuna aliyethubutu kukohoa isipokuwa gari. Kisha akafungua mfuniko wa oili, akaugeuza na kuulaza juu ya tundu lake. Mfuniko ukachezacheza, lakini haukuruka. Injini iliyokwisha huurusha. Kufikia hapo moshi ulikuwa umepungua, ukawa uzi mwembamba, ukakatika.

"Nozeli moja ya kunyunyizia dizeli inagonga," akasema. "Na plagi za kupasha joto, mbili zimekufa. Ndicho kikohozi chenyewe. Injini kifuani ni nzima." Akamgeukia mpimaji. "Haya, mzee. Nini kingine unachokionea aibu?"

Mzee alikuna kidevu. "Gea ya pili inachomoka kwenye mteremko. Mimi huishikilia kwa goti."

"Kingine?"

"Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki."

"Na mwenyewe haambiliki," mkewe akadakia kutoka ndani. "Hilo pia mwandikie!"

Mdogo wake alimvuta dada yake pembeni. Sasa hakuwa anatania. "Dada, sikiliza. Gari hili limekula chumvi nyingi. Likikufia kule juu, ni nani atakayekuja kukuchukua?"

Mama Pampu alijua kwamba swali hilo limetoka kwenye mapenzi. Alikumbuka alivyolala kwenye ile kona, pikipiki juu ya mguu, mpaka wanawake waliokuwa wanashuka na madumu walipombeba kwa kanga.

"Watakuja walewale waliokuja," akasema. "Lile lako jipya sijui litaugua nini, na likiugua sitalisikia, kila kitu kimefunikwa kwa plastiki. Hili nalisikia. Nitalitengeneza kwa mikono hii."

"Na gea ya pili?"

"Wewe si ndiye fundi wa magea kwenye familia? Jumamosi uko wapi?"

Mdogo wake akaenda kukagua matairi.

Wiki mbili baada ya kulinunua, nozeli na plagi zikiwa mpya na Jumamosi moja ya mdogo wake ikiwa imegeuka kuwa mbili, Mama Pampu alipanda mlima. Kwenye kona ya mwisho aliingiza gea ndogo, gari likanguruma kwa sauti nzito, likapita pale alipoangukia bila kuteleza hata shubiri.

Kisimani wanawake walikuwa wamejipanga, wanapiga vigelegele. Ili kumfurahisha, walikuwa wameiwasha pampu tangu alfajiri aikute inafanya kazi.

Akaigusa. Ya moto.

"Zimeni," akasema.

"Lakini Mama Pampu, inatoa maji vizuri!"

"Nimesema zimeni, enyi wapimaji wa ardhi nyie." Hawakumwelewa, lakini walizima. Naye akazima gari, akaketi kwenye bampa, akaunyoosha mguu wake mbovu kwenye jua, ufito umelala mapajani. Akasubiri zipoe zote mbili.