Mikorosho ya Mama Mkubwa Somoe

Nilipokuwa mtoto pale Marambo, kilichotuamsha asubuhi kilikuwa ngurumo za matrekta. Yaling'oa pori upande wa Nachingwea ili Wazungu walime karanga, na ardhi ilitetemeka hadi vyungu vikagongana jikoni. Hakuna aliyetulia wakati ule. Wanaume walitupa majembe wakakimbilia ajira. Wanawake wakabaki wakichungulia njia yenye vumbi jekundu. Mama Mkubwa Somoe, dada wa mama yangu, alihangaika kuliko wote. Hakujaliwa mtoto, ndiyo maana mimi nilipelekwa kukaa naye. Mumewe, Baba Mkubwa Issa, alikuwa amepata kazi kambini kwa Wazungu hao, akataka wahamie huko.

"Huku unang'ang'ania nini?" alimuuliza. "Kambini tutakula mshahara."

"Mshahara ni wako. Nikizeeka je?"

"Si nitakuwepo?"

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mume wangu."

Baba Mkubwa aliondoka bila kuaga. Haukupita muda, Mama Mkubwa akanishika mkono tukaenda kwa miguu hadi Likunja kwa mjomba wake, maana kwetu Wamwera haki ya mwanamke katika ardhi hutoka upande wa mama. Mjomba alimpa kipande cha ardhi ya kichanga. Akafukia mbegu za korosho, nasi tukawa tunabeba maji kutoka bondeni, shingo zikituuma. Watu walimcheka: mwanamke peke yake, anapanda miti badala ya mtama! Yeye alijibu kwamba akiba haiozi, lakini usiku nilimsikia akigeuka na kuguna usingizini.

Kiangazi cha pili, moto ambao wawinda panya waliuwasha porini ulituvamia mchana. Tuliupiga kwa matawi mabichi hadi nikatapika moshi. Ulipozimika, nusu ya miche ilikuwa mkaa. Mama Mkubwa alikaa kwenye majivu akalia kwa sauti kama mfiwa. Mvua za kwanza ziliponyesha, akapanda tena.

Mradi wa karanga ukafa, matrekta yakanyamaza. Baba Mkubwa akatokea Likunja, amekonda, kafungasha blanketi moja. Alisimama nje akapiga hodi kama mgeni. Mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa.

"Karibu," Mama Mkubwa alimwambia. "Ila hapa ni kwangu, Issa."

"Nimesikia," akajibu, akaingia ameinamisha kichwa.

Waliishi hapo hadi walipozikwa, na sisi watoto wa ukoo ndio tuliokuwa tukimfuata Mama Mkubwa kwake.

Mimi nilisoma, nikawa muuguzi, nikastaafu na kiinua mgongo. Kiliishia kwenye karo na harusi za watoto. Sasa binti zangu wananipokezana mjini, na ni watoto wema kwelikweli. Hakuna aliyewahi kuninunia. Lakini nikifika wiki ya pili kwa yeyote kati yao, macho yangu huanza kutafuta begi langu lilipo. Mama Mkubwa hakuwahi kuwa na begi. Wageni tulikuwa sisi.