Ramani Kubwa ya Mzee Kasia

Shemeji yangu, ambaye watu wote wa mtoni wanamwita Mzee Kasia, hakuwahi kupenda chombo chochote chenye betri. Redio aliivumilia kwa sababu ya mpira, na simu aliibeba kwa sababu dada yangu alimlazimisha. Lakini GPS aliichukulia kama mgeni aliyekuja kumwonyesha njia ya chooni kwake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwa mitumbwi, siku kadhaa majini, kupita msitu usio na kijiji wala barabara. Mimi ni fundi wa mitumbwi hiyo, na safarini napiga kasia nyuma yake. Binti yake, mpwa wangu, ndiye anayepokea wageni na kufunga mizigo. Ofisi ni chumba cha uani: meza moja ndefu, majaketi ya kuelea ukutani, na harufu ya gundi ambayo dada yangu ameshachoka kuilalamikia.

Msimu ule wageni walitaka tawi la mto ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipita. Binti akaenda kutafuta GPS. Ya kioo cha kugusa aliikataa palepale, maana vidole vya mtoni havikauki. Akachukua yenye vitufe, inayotumia betri za kawaida, akaifunga kamba asije akaiangusha majini. Mzee naye akatafuta ramani ya karatasi, akaipeleka kwenye fotokopi, ikarudi imekuzwa hadi ikafunika nusu ya meza. Pembeni alikuwa ameikata ili iingie kwenye mfuko wa plastiki.

"Ya nini kubwa hivi? Unataka kutandika kitanda?" nikamuuliza.

"Wageni wote waone, shemeji. Si wewe peke yako na pua yako."

Katika tawi lile palikuwa na maporomoko. Kabla ya kuyafikia lazima utoke majini, ubebe mtumbwi nchi kavu. Ukichelewa kutoka, mkondo hauna mjadala.

Mzee akalaza uzi juu ya ramani, akaufuatisha na kila kona ya mto, kisha akaupima kwa rula. Skeli alikuwa nayo kichwani: sentimita mbili, kilomita moja.

"Ishirini na nane," akasema. "Siku ya kwanza hatuyafikii. Tunalala kabla yake."

Binti alikuwa anabonyeza vitufe vyake. "Huku ni ishirini, Baba."

"Hicho kidude kinaruka kona. Mimi nazihesabu."

Maneno yalikuwa na mantiki, nami mdomo wangu hauna breki, nikamuunga mkono. Binti hakubishana na yeyote kati yetu. Akafungua droo, akatoa ramani yenyewe, ile ndogo iliyotolewa kopi, akapitisha uzi uleule juu yake. Zikatoka kilomita ishirini.

Hapo nikaelewa. Karatasi ilikuwa imekuzwa, kwa hiyo sentimita mbili hazikuwa tena kilomita moja. Kwa hesabu yake tungepiga kasia hadi jioni tukidhani maporomoko bado yako mbele, kumbe tungeyakuta alasiri, wageni wakipiga picha.

"Kosa hili angelifanya mwanafunzi, Baba, si wewe," binti akasema. Kisha akamsogezea ramani ndogo. "Kwa nini hukupima kwenye hii? Nisomee jina la kijito hiki."

Mzee akaishika karibu na uso, akaiweka mbali, akageukia dirishani.

"Humu ndani kuna giza."

Ilikuwa adhuhuri na dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza.

"Tangu lini, Baba?"

"Msimu uliopita." Akaiweka ramani mezani taratibu. "Daktari wa macho anasema miwani haisaidii kitu. La kulia limekwisha. La kushoto liko njiani."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Na mawe ya mtoni? Unayaona?"

"Nayasikia."

"Kwa hiyo mwaka mzima umetupeleka na watoto wa watu kwa kusikia?"

Nilimwonea Mzee huruma sana, halafu nikamkasirikia vilevile, kwa kuwa mtumbwi aliokuwa akiuongoza kwa masikio nami nilikuwa ndani yake. Binti alikunja ile ramani kubwa akatoka nayo nje. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akaketi akaanza kupima upya kwa ile ndogo, akilinganisha kila kona na GPS. Mzee alibaki kitini pake. Alipoulizwa kama angependa kubaki nyumbani safari hii, alisema hapana, haraka, kama mtu anayeogopa kwamba hatasikika.

Asubuhi ya kuondoka wageni walikusanyika ukingoni. Binti alikuwa amening'iniza GPS kifuani, betri za akiba mfukoni, ramani ndogo ndani ya plastiki juu ya magoti. Mgeni mmoja akauliza kiongozi wa msafara ni nani. Kwa mazoea sote tukamtazama Mzee Kasia.

Yeye akageuza uso upande ilikotoka sauti ya binti yake.

"Muulizeni yeye," akasema. "Mimi nimekuja kutembea tu."

Kisha akaninyooshea mkono, nami nikamshika hadi alipokaa.