Kiapo Alichokikataa Mwanasaumu

Mwanasaumu binti Mwidani wa Mtongwe alikuwa mkweli kupita kiasi, na naanza na hilo kwa sababu ndilo lililommaliza. Ukimwuliza kama mchuzi wako umekolea, atakwambia haukukolea, na ukinuna shauri yako. Mamangu, Dhahabu, alimpenda kwa hilo. Wote wawili walikuwa wajane, na walitanda uduvi pamoja miaka kumi na saba. Kila bamvua, maji yakishatoka mbali, waliingia baharini mpaka kiunoni na shuka la marekani, huyu kashika ncha hizi na yule zile, wakaliinua limejaa vidudu vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko ukucha. Uduvi huo ukianikwa ndio uliotulisha sisi watoto wao.

Mwaka wa arobaini na saba ikaja amri ya serikali. Wavu wowote ambao jicho lake halipitishi kidole gumba ni marufuku, kwa kuwa unamaliza samaki wachanga. Shuka halina jicho hata moja.

Wanawake wakaenda barazani kwa mudiri, mkubwa wa serikali pale kwetu, kulalamika. Alikuwapo Mzungu wa samaki, na Kalama, karani wake, akimtafsiria. Ningependa kusema Mzungu yule alikuwa mbaya, lakini aliwasikiliza mpaka mwisho. Wakamweleza kwamba uduvi ndio umeshakua hivyo, haukui zaidi.

"Basi mmoja wenu aape," Kalama akatafsiri, "kwamba katika shuka haingii mtoto wa samaki wala wa kamba. Akiapa, bwana atawaandikia ruhusa leo hii."

Wakamsukuma Mwanasaumu mbele kwa furaha. Nani mwingine? Hata mudiri alijua neno lake halina shaka. Akatawadha, msahafu ukaletwa, akanyoosha mkono. Kisha akaurudisha.

"Siwezi, bwana. Hamkosi vitoto vya kamba humo. Viwili, vitatu. Hutuponyoka tukichagua."

"Mwanasaumu!" mama akamnong'oneza kwa ukali. "Sema ni uduvi mtupu! Wana wetu wale nini?"

"Wallahi, Dhahabu, nimeviona kwa macho yangu. Nitawekaje mkono hapa?"

Mzungu akaandika mstari mmoja, akafunga kitabu. Vitoto viwili vitatu vya kamba! Huku bandarini meli zikimwaga mafuta meusi kila siku, na sikusikia hata moja imeapishwa. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Mwezi haukuisha wanawake wakaanza kutanda kwa kuiba, alfajiri, mmoja akiwekwa njiani kuangalia askari. Kutanda ni kazi ya watu wawili. Mama akamchukua Nyevu, jirani yetu, ashike upande wa pili. Mwanasaumu hakuna aliyemtaka. Kesho askari akimwuliza, si atasema? Hata mimi nilimwogopa, nikawa nikimwona nageuza njia, mwanamke aliyenibeba mgongoni. Wanawe wawili wakubwa wakapelekwa kwa shangazi yao Kisauni. Yule mdogo alibaki naye, wakila muhogo mkavu.

Bamvua ya tatu akatufuata ufuoni. Alikuwa amekonda, kanga imemlegea.

"Shikamoo, mama," nilisema, kwa aibu tu.

Alikuwa akimtazama mamangu. "Dhahabu, nipe upande mmoja wa shuka. Nipelekeni kwa mudiri hata leo, niapisheni mtakalo, nitaapa. Nitasema ni uduvi mtupu."

Sikupata kumsikia akiahidi uongo kabla ya siku ile.

Mama alikuwa akifunga kanga yake kiunoni, wala hakugeuka. "Ulipokuwa ukiaminiwa ulikataa," alisema. "Leo nani atakuamini?"

Akaingia majini na Nyevu. Mwanasaumu alibaki amesimama pale, maji yakimfika vifundoni, mpaka tukamaliza kutanda tukaondoka.